Udongo Husemwa kwa Miguu

Mimi sina subira. Kwetu wanalijua hilo wote, kuanzia mama yangu mpaka wanafunzi wangu wa sekondari, ambao wakiona nimeanza kugonga chaki mezani hunyamaza wenyewe. Naanza na neno hili mapema ili mtu asije akadhani nataka kujitetea. Nilizaliwa bila subira, halafu nikakulia mahali ambapo bila subira huwezi hata kujua babu yako alikuwa nani.

Mahali penyewe tunapaita Dezeri. Si jangwa la ngamia. Ni avenyu chache za Lubumbashi zilizokaa upande ambao upepo hupeleka moshi wa kiwanda cha shaba. Moshi huo uliwashukia babu zetu waliotoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli na ya mgodi, ukaua miti, ukaua majani, ukabakiza udongo mwekundu mgumu ambao hata magugu yanaukataa. Mvua ikinyesha, unachimbika mitaro. Kiangazi kikija, unaula pamoja na bukari yako, ule ugali wetu. Kule Bel-Air ninakoishi sasa, mtu akipata mtoto anapanda mwavokado, na miaka ishirini baadaye anakuonyesha mti na mtoto kwa kidole kimoja. Sisi tungeonyesha nini? Karatasi nazo zililiwa na panya, na zile zilizoachwa na panya zikachukuliwa na vita.

Kwa hiyo bibi zetu walijitafutia njia yao. Mtu yeyote aliyekuja kukaa kwenye avenyu yetu, awe bibi harusi, ndugu au mpangaji, alikuja na beseni moja la udongo wa kule anakotoka. Mama wa nyumba iliyompokea aliumwaga kwenye tuta lake nyuma ya nyumba, na wakati wa kuumwaga alisema kwa sauti: huyu ni nani, ametoka wapi, amekuja na nani, amefuata nini. Kisha wakapanda mboga ya lengalenga juu yake. Aliyefuata alimwagiwa wake pembeni, na mwingine pembeni tena, mpaka tuta likazunguka ua mzima. Nyumba zetu zote zina matuta hayo, na kitabu kingine hatuna.

Kulisoma tuta kuna sheria zake, na ndizo zilizonimaliza. Halisomwi siku yoyote, bali siku ya kuuliza ndoa, mbele ya watu wa pande mbili tu. Anayesema ni yule aliyepokea udongo, na wa mwenzake hausemi hata kama anaujua. Anavua viatu, anatembea juu ya tuta kutoka mwanzo, beseni baada ya beseni, bila kuruka hata mtu mmoja. Akikatishwa, anaanza upya. Ninyi mnaosoma mtasema ni jambo zuri sana. Njooni msimame saa mbili juani mkisikiliza habari za mpangaji aliyekaa miezi mitatu na kuondoka na sufuria ya watu, halafu mniambie uzuri wake.

Sasa, mwaka huu binti wa kaka yangu alitaka kuolewa. Mama yake alifariki akiwa mdogo nikamlea mimi, ananiita tantine, na kwa vile mimi ni dada wa baba yake, neno la ndoa yake liko mdomoni mwangu. Mwanamume mwenyewe ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kazi Kamalondo, na kwao ni geti la tatu kutoka kwa mama yangu. Hanywi, hapigi kelele, na ndiye anayeshona sare za shule yangu bila kunizungusha, jambo ambalo kwa fundi cherehani ni karibu na utakatifu. Nilimpenda kabla binti hajaniambia anampenda.

Lakini kulikuwa na mnong'ono. Watu wa avenyu yetu hawasemi kitu, wananong'ona, na hilo ndilo linalonipandisha roho kuliko moshi. Mnong'ono ulisema kwamba baba wa huyo kijana ni mtoto wa baba yangu mimi. Kama ni kweli, vijana hawa wawili wana babu mmoja, na kwetu hao ni kaka na dada, hakuna ndoa. Kama ni uongo, kesho yake tungepika wali.

Baba yangu amekufa. Mwanamke yule, bibi wa kijana, amekufa pia. Baba wa kijana anaishi Kolwezi na anajua alichoambiwa na mama yake tu, kwamba baba yake alikuwa dereva aliyekwenda Zambia. Dezeri yote, mtoto asiye na baba, baba yake ni dereva aliyekwenda Zambia. Sijui ni nani alibaki huku kuendesha magari. Kilichobaki kilikuwa beseni moja la udongo. Mwanamke yule alitoka Lukafu mwaka niliozaliwa mimi, wakati mama yangu alikuwa amekwenda kaskazini kwa watu wake kujifungua. Alipokelewa na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kama alifika tayari ana mimba, mtoto hakuwa wa baba yangu. Kama alifika peke yake, basi tujue la kujua. Na jirani, siku ya kumwaga udongo, alilazimika kusema: huyu amekuja mmoja, au wamekuja wawili. Nilichotaka mimi kilikuwa neno hilo moja.

Na halikuwa na muda. Kuna watu wa mradi waliokuja kupima damu za watoto wa Dezeri, wakakuta madini ya risasi, wakapima matuta, wakakuta hayohayo. Vumbi la miaka yote limelala mle, na lengalenga tunazokula zinalinywa. Wakasema watakwangua udongo wa kila ua na kuleta mwingine safi. Nani aliwafuata ofisi kwa ofisi mpaka wakakubali? Mimi. Nani alitia saini kwa niaba ya wazee wa avenyu? Mimi tena. Sijutii hilo. Watoto wa kaka yangu wadogo wanakaa pale, na damu yao si kitu cha kuchezea. Dominika moja tukaletewa barua: Alhamisi, saa moja asubuhi, wanaanza kukwangua.

Nilikwenda kwa mama yangu Dominika hiyohiyo. Nikamkuta anachambua dagaa.

"Mama, yule mwanamke wa Lukafu, alifika na mimba ao hapana?"

"Miye sikukuwa hapa. Nilikuwa nakuzala weye."

"Najua. Lakini baadaye ulisikia nini?"

"Hii haiko udongo yangu." Akaendelea na dagaa zake.

Ndivyo alivyo. Miaka arobaini na kitu hajamsalimia jirani, na sababu ni kwamba alimpokea mwanamke yule. Hajui kama kuna kosa, na hajataka kujua, maana anayeuliza hupewa jibu. Namwelewa. Lakini kumwelewa mtu hakukuzuii kutaka kulipiga teke beseni lake la dagaa.

Jumatatu nikaenda kwa jirani. Huyo ni mzee kuliko mama, watoto wa avenyu wanamwita kambo, yaani bibi, tena amesahau mengi. Siku ile aliniuliza mara mbili kama nimekuja kuomba chumvi. Ila wote wanajua kwamba akikanyaga tuta lake hapotei. Alinisikiliza vizuri, akakubali. Kisha akaweka sharti.

"Mama yako akuye asimame hapa. Neno iko yake. Siwezi kuisema kwa mugongo wake."

"Mama haji kwako, wajua."

"Basi na neno haikuye."

Jumanne nilishinda nikimbembeleza mama. Nilimwambia ni kwa ajili ya mjukuu wake. Akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia Alhamisi katapila inakuja. Akasema mguu unamuuma. Jioni binti mwenyewe alifika kutoka kazini, akapiga magoti mbele yake jikoni, hakusema hata neno. Mama akamwinua, akasema, "Kesho." Ningejua kwamba kilichohitajika ni kunyamaza, ningenyamaza tangu Dominika, ingawa sijui kama ningeweza.

Jumatano niliomba ruhusa shuleni. Saa nne nilikuwa mlangoni, daftari mkononi. Mama alikuwa bado hajaoga. Alipooga akatafuta kitenge, si kile, kile kingine, kile cha Pasaka, ambacho kilikuwa chini ya vingine vyote. Kisha akataka kula kwanza, maana haendi kwa adui na njaa. Kisha akasali rozari. Tulivuka ule ukuta saa tisa. Ni hatua ishirini, na mimi nilikuwa na jasho la mtu aliyetoka Likasi kwa miguu.

Jirani alikuwa ametoa kiti. Mama hakukalia. Upande wa kijana alikuja shangazi yake, na upande wetu mimi, mama, na binti aliyesimama karibu na choo kwa heshima. Jirani alivua kandambili, akanyunyiza maji kidogo mwanzoni mwa tuta, akapanda.

Akaanza na mama mkwe wake, aliyekuja na udongo wa Manono ndani ya sanduku la treni. Akaja kwa katekista. Akaja kwa fundi wa viatu na mke wake, na mke wa pili wa huyo fundi, ambaye udongo wake ulimwagwa mbali kidogo na wa kwanza ili wasigombane hata humo. Sauti yake, ambayo kawaida inatetemeka, ilinyooka. Kila alipofika kwa mtu alisimama, akakandamiza vidole vya miguu, akasema. Mimi niliandika. Mkono ukaniuma. Akaja kwa mpangaji, naye alikuwa na historia. Akaja kwa mtoto aliyeletwa na jeshi, na wengine wengi baada yake. Jua likashuka likaja usoni. Watu wa watu, wote hao wamekufa, wote nawatakia pepo, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa anaoa wiki ile.

Akafika kwa mapacha. Mapacha wana mambo mengi kwetu. Wana majina yao, nyimbo zao, na mama yao ana jina lake. Aliposema jina la pacha wa kwanza, akarudi nyuma hatua moja kueleza kwa nini wa pili ndiye mkubwa. Hapo kitu kikanikatika ndani.

"Mama, tafazali," nikasema. "Ruka. Fika kwa yule mwanamke wa Lukafu."

Alisimama na mguu mmoja bado haujashuka. Akanitazama. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alishuka kwenye tuta, akaomba maji, akaosha miguu.

"Nitaanza tena kesho asubui," akasema. "Mutu akikatwa, anaanza tena."

Niliomba msamaha. Niliomba kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na nikaongeza Kiluba changu kibovu. Nikamwambia jua bado lipo, aanze sasa. Akasema miguu imechoka, ana miaka yake. Na mama yangu, ambaye nilikuwa nimemburuta siku nne, alimshika jirani yule mkono, akampa ncha ya kitenge chake cha Pasaka apanguse miguu. Wakaingia ndani wawili, nikasikia wanaulizana habari za magoti.

Sasa nisikilizeni hesabu niliyofanya, na si mimi peke yangu, tuliifanya wote. Barua ilisema saa moja asubuhi. Katika mji huu, ni kitu gani kiliwahi kufika saa iliyoandikwa? Maji tuliahidiwa kabla binti hajazaliwa. Umeme unakuja ukipenda. Mshahara wangu ndio usiseme. Mtu wa ofisi akikuandikia saa moja, unapika, unakula, unafua, anakuja saa sita na kuuliza kwa nini hamko tayari. Kwa hiyo tulikubaliana kuanza saa moja, na mama yangu akacheka, akasema hao wa mradi tutawakaribisha chakula cha mchana.

Walifika saa kumi na mbili na nusu.

Niliposhuka kwenye teksi na daftari langu, saa moja kasoro dakika tano, geti la jirani lilikuwa limetolewa bawaba na katapila ilikuwa ndani. Walianza kwake kwa sababu geti lake ni pana kuliko mengine. Tuta lilikuwa ndani ya kamyo, lori lao, pamoja na udongo wa ua, pamoja na lengalenga, na kuku mmoja alikuwa juu ya rundo akichakura. Nilimrukia injinia wao kwa maneno ambayo nawakataza wanafunzi wangu. Alinisubiri nimalize, kisha akanionyesha karatasi.

"Mama, hii ni saini yako. Na uliandika hapa chini: tafadhali msichelewe."

Niliandika kweli. Kwa herufi kubwa.

Jirani alikuwa amesimama katikati ya ua wake uliokwanguliwa. Alikuwa ameamka mapema, ameoga kwa ajili yetu. Mama yangu alikuwa amemshika bega. Jirani akavua kandambili, akakanyaga pale mwanzo ulipokuwa. Akasema mama mkwe wake, udongo wa Manono, sanduku la treni. Akasogea, akamsema katekista. Akasogea tena, akimtafuta fundi wa viatu, akakandamiza vidole. Chini palikuwa pagumu na tambarare kama sakafu. Akahamia kushoto, akarudi kulia.

"Hapa haiko fasi yake," akasema.

Nikafungua daftari, nikamsomea. Fundi wa viatu, mke wake, mke wa pili, mpangaji, mtoto wa jeshi, na wote waliofuata mpaka mapacha. Alitikisa kichwa kwa kila mmoja akikubali, kama mtu anayesimuliwa habari njema za mtaa wa mbali. Nikafika mwisho wa maandishi.

"Njo vile," akakubali. "Na kiisha?"

Akawa ananiuliza mimi. Kisha nikafanya jambo la aibu, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia, sema tu neno moja, alikuja moja ao bawili, lolote utakalosema tutalipokea. Akakandamiza tena vidole vya miguu, maskini, nikaona anatafuta kweli.

"Ninajua yee iko wa kumi na kenda," akasema. "Hiyo ninajua. Nikisema ingine sasa, nitatunga. Na hawa beko batoto ba bantu."

Kaka yangu alipendekeza maabara. Wazee wa pande zote mbili walikataa kwa pamoja, ndiyo mara ya kwanza nimeona wanakubaliana. Mjomba mmoja alisema damu ya Dezeri imepimwa mara nyingi, na haijapatikana humo kitu ila risasi. Wengine walicheka. Mimi niligombana nao mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyebadilika, kwa sababu neno la ukoo kwetu halitoki kwenye chupa.

Dominika iliyofuata wakakaa kwa mama yangu, wao upande mmoja, sisi upande mwingine, kreti za vinywaji ukutani hazijafunguliwa. Nikaulizwa mimi, mwenye neno. Ningeweza kusema uongo. Nilifikiri kusema uongo. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeupanga vizuri, na kijana yule alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayekuamini. Kisha nikamwona mama yangu na jirani wamekaa mkeka mmoja, nikashindwa.

"Hatujui," nikasema.

Kwetu "hatujui" ni mlango uliofungwa. Hakuna mzee atakayewapa vijana baraka juu ya "hatujui". Fundi aliinuka, akawasalimu wote kwa mikono miwili mmoja mmoja, alipofika kwa binti akatoa mkono kama unavyompa dada, akatoka. Shangazi yake alimfuata na mkoba wake.

Tulibaki jikoni mimi na binti, tukirudisha glasi safi kwenye kabati, glasi ambazo hakuna aliyezinywea. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Alipanga glasi zake zote, akapangusa mikono, akachukua lile daftari langu kutoka juu ya friji, akanipa.

"Tantine," akasema, "kambo alisema yule mwanamke ni wa kumi na kenda. Ulipomkatisha, alikuwa amefika wa ngapi?"

Sikuwa nimewahi kuhesabu. Niliandika haraka, bila namba. Nikafungua, nikapitisha kidole, nikawahesabu wote kwa sauti mbele yake, kuanzia sanduku la Manono, nikifika kwa kila mmoja nasimama, na safari hii sikuruka mtu. Pacha wa pili alikuwa wa kumi na saba.

"Alikuwa amebakiza mmoja," nikamwambia, "halafu yeye."